Kuomba Mafunzo kwa Vitendo ya Utengenezaji wa Programu Unapobadili Taaluma

Mhasibu au mwalimu anayetaka kuhamia katika utengenezaji wa programu aanze kwa kusoma matangazo ya nafasi za mafunzo katika mji wake, kisha achague lugha ya kuandikia programu inayotajwa mara nyingi zaidi, badala ya kujitosa katika ubishi wa ipi bora kati ya Python na Java, ambao aghalabu huendeshwa na watu waliokwisha kuajiriwa. Java, iliyotolewa mwaka 1995, hutumika sana katika mifumo ya benki. Python, ya mwaka 1991, imeshamiri katika uchambuzi wa data. JavaScript hutawala ndani ya vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti.

Lililo muhimu zaidi ni kutengeneza programu moja inayotatua tatizo la kazi yako ya awali. Mhasibu, kwa mfano, anaweza kuandika programu inayolinganisha taarifa ya miamala ya simu na daftari la mauzo, akaonyesha tofauti zilizopo, na kuhifadhi kila hatua kwa Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya programu, ili mwajiri aone jinsi alivyofikiri. Asitumie taarifa halisi za wateja.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza ni nani atakayekagua msimbo wako, yaani maelekezo ya programu unayoandika, na kama kuna posho.