Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongeza Klorini kwenye Bwawa la Nyumbani

Kabla ya kufungua kopo la klorini, ujue ujazo wa bwawa lako. Zidisha urefu, upana na wastani wa kina kwa mita, kisha zidisha jibu kwa 1,000 upate lita. Asiyeijua namba hiyo hapimi dawa, anabahatisha.

Maji ya kupima yachotwe kwenye kina cha kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye chujio, na chupa isuuzwe kwanza kwa maji yaleyale ya bwawa. Tazama tarehe ya mwisho ya vitendanishi, yaani dawa za kupimia maji. Vilivyopitwa na wakati au vilivyoachwa kwenye joto vitupwe. Pima pH pia, yaani kiwango cha uasidi au ubesi wa maji, nayo iwe kati ya 7.2 na 7.6, kwa kuwa ikifika 8 klorini iliyomo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuua vijidudu, na wengi huongeza dawa pale palipohitaji tu kushushwa pH.

Sasa lipo jambo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka. Kipimo cha DPD, kitendanishi kinachotumika sana kupima klorini, hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri klorini inavyozidi ndivyo rangi inavyokolea, lakini ikipita takribani miligramu 10 kwa lita huanza kuipausha rangi ileile iliyopaswa kuionyesha. Jirani yangu alipima akaona maji meupe kabisa, akaamini kwamba bwawa halina klorini hata chembe, akamwaga kipimo kizima. Jioni alipima tena, yakawa meupe vilevile, akaongeza tena. Kesho yake watoto wake waliogelea kwa muda mfupi tu wakatoka wakilia, macho mekundu, ngozi inawasha, na mdogo wao akakohoa usiku kucha. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya kile ambacho kipimo kilimwambia, na kipimo kilimdanganya. Kwa hiyo, ukitia kitendanishi ukaona waridi ikimulika kwa nukta moja kisha ikatoweka, au ukapata sufuri siku chache tu baada ya kuweka dawa nyingi, usiongeze chochote. Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, uichanganye na sehemu nne za maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa), upime mchanganyiko huo, kisha uzidishe jibu kwa 5. Sampuli ya jirani ilipochanganywa hivyo ndipo waridi ilipojitokeza, tena iliyokolea. Klorini ikiwa nyingi kiasi hicho, hata kipimo cha pH hakiaminiki, basi usikimbilie asidi. Subiri jua liipunguze au badilisha sehemu ya maji.

Pima klorini huru, yaani ile ambayo bado ina uwezo wa kuua vijidudu, na klorini ya jumla. Tofauti kati ya hizo mbili ni ile iliyokwisha kushikamana na jasho na mkojo, nayo ndiyo inayotoa harufu kali ambayo watu huidhania kuwa dalili ya klorini kuzidi.

Ukishahakikisha kwamba klorini huru imepungua kweli, fanya hesabu: gramu 15 hivi za hipokloriti ya kalsiamu (klorini ya unga au chembechembe) ya asilimia 65 huongeza miligramu 1 kwa lita katika lita 10,000. Weka jioni, kwa sababu jua huila haraka klorini isiyo na kiimarishi (kemikali ya kuikinga na jua), pampu ikiwa inazunguka, na upime tena baada ya saa kadhaa. Tembe za trikloro, aina nyingine ya klorini, zina asidi ya sianuriki, ambayo ndiyo kiimarishi chenyewe, nayo hubaki majini na kulimbikana hadi klorini inakuwa dhaifu. Asidi hiyo ikizidi miligramu 50 kwa lita, dawa ya uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya.

Dawa itiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya dawa. Usichanganye hipokloriti ya kalsiamu na trikloro, hata kwa kijiko kimoja, maana huweza kuwaka. Wala usiikutanishe klorini na asidi, maana hutoa gesi ya sumu. Vaa glavu na miwani, simama upepo ukiwa nyuma yako, hifadhi makopo pakavu yasipofikiwa na watoto, na mtu yeyote asiingie majini kabla kipimo cha mwisho hakijasoma kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, au isiyopungua 2 iwapo kiimarishi kimo.