Daftari moja, mgonjwa mmoja

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Busia, upande wa Uganda. Mgonjwa wa kwetu huanzia duka la dawa, akajaribu kliniki ya binafsi, kisha kituo cha afya cha serikali, mwisho akafikishwa hospitali ya Masafu au ya Mbale. Wengine huvuka mpaka wakatibiwe Kenya. Kila anakofika wana kitabu chao, na huku hawajui aliyopewa kule. Anayepita kote ni mgonjwa mwenyewe na daftari lake, basi tuanzie hapo.

Nunua daftari la kurasa 96, ulivalishe jalada la nailoni. Ukurasa wa kwanza andika jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, simu za ndugu wawili, magonjwa ya kudumu kama presha, sukari, pumu au selimundu, na dawa zinazomdhuru. Ukurasa wa mwisho uwe wa dawa anazotumia sasa. Tumia penseli, maana hubadilika.

Huo wa dawa ndio ninaousisitiza kuliko yote. Jirani yangu mwenye presha alipewa vidonge kliniki, akapewa vingine hospitali, akameza vyote. Kila akisimama, kizunguzungu. Tulipoweka pakiti mbili mezani, majina makubwa yalitofautiana, lakini maandishi madogo chini yake yalikuwa yale yale: amlodipini, miligramu 5. Tukamrudisha kwa daktari, akaachiwa moja. Kwa hiyo nakili yale madogo pamoja na miligramu, na kila uendapo beba pakiti zenyewe. Muuza dawa naye aandike humo. Akikataa, andika wewe mbele yake.

Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI asilazimishwe kuziandika mahali ndugu watakaposoma. Ila amwambie daktari kwa mdomo, faraghani, kwani baadhi ya dawa za kifua kikuu hazipatani nazo. Siri ni yake, na daftari lisiwe kisingizio cha kuichimba.

Sasa rufaa. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kina wodi ya uzazi, lakini chumba cha upasuaji huanzia kituo cha ngazi ya nne. Mama mjamzito akiambiwa aende huko, msikimbilie boda na karatasi tu. Mwombeni muuguzi apige simu kwanza: daktari yupo? Damu ipo? Kama hakuna, mtajua mapema pa kwenda, badala ya kuanza safari nyingine usiku mama akiwa na uchungu. Andikeni jina la aliyepokea simu.

Akiruhusiwa kutoka, msiondoke na "rudi baada ya wiki mbili" peke yake. Ombeni iandikwe: alikuwa na nini, alifanyiwa nini, dawa ipi aendelee nayo na ipi aache, arudi lini na wapi. Kisha pelekeni maandishi hayo kwenye kituo kilichotoa rufaa, hata kama amepona. Wauguzi wa pale ndio watakaompima mwezi ujao, na mara nyingi hakuna aliyewaambia yaliyompata.

Daftari likijaa, lishoneni kwa uzi na jipya, mkinakili upya ukurasa wa kwanza na ule wa dawa.