SOMO: Kununua kadi za besiboli zenye vituko kwenye minada ya mtandaoni bila kulizwa

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Mzee, hivyo vikaratasi vya Wazungu unavyoturushia picha unavipata wapi, na unalipa ngapi?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena anapewa linki.

Tuelewane kwanza. Kadi hizi ni vikaratasi vyenye picha za wachezaji wa besiboli, na zile za mamilioni sizigusi. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Huyo tumwache na wenyewe. Mimi naokota vituko: kadi zilizokosewa kiwandani, zilizokatwa kombo, zilizochapwa upande mmoja, zilizokuwa kitako cha boksi, hata maganda ya bigijii zilizouzwa pamoja nazo. Naishi Louisville, Kentucky, mji yanakotengenezwa magongo ya besiboli ya Louisville Slugger, na aliyeniambukiza ni mzee mmoja wa zamu ya usiku kazini. Alinipa kadi iliyotoka kwenye boksi la nafaka za Kellogg's, ya miaka ya 70, ya plastiki yenye mikwaruzo midogo kama ngozi ya kidole. Ukiigeuzageuza mchezaji anaonekana kajitenga na uwanja ulio nyuma yake. Besiboli yenyewe nilikuwa sijui hata sheria zake. Bado sizijui zote.

1. Fungua akaunti. Tovuti ya mnada ya eBay inatosha kuanzia.

2. Chagua kona moja. Ukitaka kila kitu utaishia na makatoni ya takataka. Kadi za mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90 zilichapwa kwa wingi wa kutisha, na bei yake leo ni ya karanga. Lakini ndani ya miaka hiyohiyo kuna vituko: Topps ya 1986 ilichapa kadi 16 kwenye vitako vya maboksi, zimepewa herufi A mpaka P badala ya namba. Watu wengi walitupa boksi. Hiyo ni kona nzuri ya mwanafunzi, haina gharama.

3. Tafuta kwa maneno yao: "blank back" kwa kadi isiyochapwa nyuma, "wrong back" kwa yenye mgongo wa mchezaji mwingine, "miscut" kwa iliyokatwa kombo, "box bottom" kwa kitako cha boksi, "wrapper" kwa ganda. Halafu andika majina kwa makosa, mfano "Mantel". Muuzaji aliyekosea herufi huwa hana wateja wengi kwenye mnada wake.

4. Angalia bei zilizouzwa, achana na zinazoombwa. Kuna kichujio cha vilivyouzwa, kibonyeze. Kuomba dola 5,000 hakumgharimu mtu kitu.

5. Omba picha ya mbele, ya nyuma na ya kingo, kadi ikiwa NJE ya kasha. Someni hapa taratibu, maana ndipo nilipolizwa.

Mwaka wangu wa pili niliona kadi ya miaka ya 80 inayodaiwa kukosa wino mwekundu. Kadi hizi huchapwa kwa rangi nne, yaani buluu, waridi (ndiyo hiyo nyekundu ninayoisema), njano na nyeusi, kila moja kwa zamu yake. Zamu moja ikirukwa, unapata kituko cha kweli. Uso wa mchezaji ulikuwa wa buluu kama mtu aliyeopolewa mtoni, na kofia iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Picha ilikuwa moja tu, kadi ikiwa ndani ya kasha nene la kufungwa kwa skrubu. Nikalipa dola 85. Ilipofika nikaiweka rafuni nikairingia miezi miwili. Siku nilipoamua kuihamisha nikatoa skrubu nne, nikainua kifuniko, na pale ambapo ukingo wa kasha uliifunika kadi pande zote kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, mwekundu mzima. Kadi haikukosa wino. Ilikaa dirishani. Jua lilikula kila lilipofika na kuacha penye kivuli. Siku za kurudisha mzigo zilishapita, na muuzaji alijibu kwamba naye aliinunua hivyohivyo.

Kwa hiyo: kinachodaiwa kukosekana kikiwa nyekundu au njano, anza na shaka, maana hizo ndizo jua hula mwanzo. Nyeusi ni habari nyingine. Topps ya 1982 ina kadi zilizokosa nyeusi kweli, hata saini iliyochapwa juu ya picha haipo. Jua haliwezi kufuta nyeusi na kuacha nyekundu inang'aa. Nunua kioo cha kukuzia, kile cha sonara. Picha ya kuchapwa ni vitone. Rangi iliyoliwa na jua huacha vitone hafifu. Rangi isiyochapwa haiachi hata kimoja. Na mgongo mtupu usiushangilie kabla hujaipima kadi kwenye mzani mdogo pamoja na mwenzake wa mwaka uleule. Wapo wanaoloweka kadi na kubandua tabaka la nyuma. Iliyobanduliwa huwa nyepesi, na ukiipapasa nyuma ina vinyweleo.

Mfano mwingine wa ujanja ni kadi ya mchezaji Billy Ripken, ya kampuni ya Fleer, 1989, namba 616. Kwenye kitako cha gongo lake kulikuwa na tusi limeandikwa, likapita mpaka kiwandani bila mtu kuliona. Fleer wakahangaika kulifuta: toleo moja limechorwachorwa, jingine lina kisanduku cheusi, jingine limepakwa rangi nyeupe. Yenye tusi haina uhaba kama watu wanavyodhani. Adimu ni hiyo nyeupe, na ndiyo maana mitaani kuna watu wenye chupa ya wino mweupe wa ofisini na mkono usiotetemeka.

6. Weka dau mara moja, mwishoni. Kwenye eBay unaandika kiwango chako cha juu, na mfumo unakupandishia kwa kadiri ya kumpita wa pili tu. Ukiweka 62 na mwenzako ana 40, unalipa 41. Usiweke namba kamili. Wengi huweka 50, wewe weka 51.27. Ukiweka mapema unampa mpambe wa muuzaji, yaani mtu wake wa kupandisha bei tu, nafasi ya kukupima kina. Fungua historia ya madau: mtu asiyewahi kupanda dau ila kwa muuzaji huyohuyo, mwogope.

7. Piga hesabu ya mwisho kabla ya kubonyeza. Kwenye nyumba kubwa za mnada kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Dau la 100 linakuwa 120 hujaongeza kodi na usafiri. Baadhi yao pia huongeza muda kila dau jipya likiingia, kwa hiyo ujanja wa sekunde za mwisho haufanyi kazi huko. Utakesha.

8. Mzigo ukifika, fungua huku simu inarekodi.

Haya, ulizeni.

MASWALI

Dagaa_Mchungu: Mkuu somo zuri sana. Sasa kadi nzuri za kununua ni zipi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Dagaa_Mchungu: Nimesoma. Nitajie moja tu ya uhakika itakayopanda bei.

Mwandishi: Ukitaka kitu cha kupanda bei nunua kiwanja.

Msafiri wa Kisauni: Salaam ndugu. Kakangu yuko Dallas, ameokota kadi ya Honus Wagner, yule mchezaji wa zamani, sokoni kwa dola 20. Nimesoma kwamba moja iliuzwa zaidi ya milioni 6. Tufanyeje?

Mwandishi: Ina ukubwa gani? Ya kweli ilitoka kwenye pakiti za sigara, ya 1909 mpaka 1911, kijikaratasi cha sentimita 3.6 kwa 6.7 hivi.

Msafiri wa Kisauni: Amepima ni inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu.

Mwandishi: Nakala.

Msafiri wa Kisauni: Lakini inaonekana nzee sana, hata imekunjika pembeni.

Mwandishi: Ndugu yangu, nakala nayo huzeeka. Ukubwa huo kampuni ya Topps ilianza kuutumia 1957. Abaki nayo kwa mapenzi tu, Wagner aliwahi kuchezea hapa kwetu Louisville, 1897 hadi 1899. Hata zile za kweli zina mambo yake: Wagner maarufu kuliko wote, aliyewahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, dalali wake alikiri 2013 kwamba alimpunguza kingo ili aonekane mpya.

Bi Mchapaji: Kaka, mimi nafanya kazi kwenye mtambo wa ofseti hapa Kariakoo. Nimecheka ulivyolizwa, samahani. Hapa kila mtu anajua waridi na njano hazistahimili jua. Tazama bango la mitindo ya nywele kwa kinyozi yeyote: likikaa barazani mwaka mmoja, wanaume wote wanakuwa wa buluu. Swali langu: hizo kadi zilikuwa zinachapwa ngapi kwa shiti, na kombo lilitoka wapi?

Mwandishi: Dada, ningekujua mapema ningeokoa dola 85. Vinyozi wote niliokaa vitini mwao Tanga na sikuwahi kuwaza! Shiti ya Topps ya miaka hiyo ina kadi 132, yaani 11 kwa 12. Shiti zikipangwa vibaya kidogo kwenye mashine ya kukata, kisu kinapita katikati ya mtu, unapata nusu ya mchezaji huyu na kichwa cha yule. Shiti nzima zisizokatwa nazo huuzwa mnadani, na hapo kuna hatari: mtu anazikata mwenyewe kwa mkono na kukuuzia kama kombo la kiwandani. Wewe ungezitambuaje?

Bi Mchapaji: Kwa kingo. Kisu cha mashine kinashuka kwenye rundo zima, kingo inakuwa na mkandamizo upande mmoja. Wembe na rula huacha kingo safi kupita kiasi, na mara nyingi pembe si ya mraba. Weka kadi mbili mgongo kwa mgongo uzigonge mezani, utaona. Angalia pia vialama vya msalaba pembeni mwa shiti, vile vya kulinganisha rangi. Kadi yenye kipande cha msalaba ukingoni ilikuwa kadi ya pembeni, si ya katikati.

Mwandishi: Hii ya msalaba sikuwa naijua. Nina tatu za hivyo kwenye boksi, nilidhani ni uchafu.

Ubungo_Mataa: Kutuma Dar je? Si zitaharibika na joto?

Mwandishi: Za karatasi hazina shida sana ukizuia unyevu. Zile za plastiki za Kellogg's ndizo kazi: hujikunja kama chipsi, na ukizilazimisha kunyooka zinapasuka. Zibane kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu kabla ya kuzituma, na ukizipokea usiziache ndani ya gari.

Dagaa_Mchungu: Mkuu, hizo kadibodi nazishikizaje? Selotepu?

Mwandishi: Sasa hilo ni swali. Usitumie ile ya kung'aa, gundi yake hutambaa ikipata joto. Tumia ya karatasi ya buluu, ya wapaka rangi za nyumba, na kila kipande ukunje ncha yake kidogo ili anayefungua apate pa kushika asichokonoe kwa kisu.