Gemu yako, injini ya wote: nani anamiliki nini

Anza kwa kufungua faili la leseni ya injini (programu unayojengea gemu) kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo. Injini ya Godot iko chini ya leseni huria ya MIT: uza gemu kwa bei yoyote, ficha msimbo wako, hudaiwi mrabaha, yaani fungu la mapato yako. Unachodaiwa ni kuweka tangazo la hakimiliki ya injini, pamoja na maandishi ya leseni yake, ndani ya gemu. Ukurasa wa shukrani unatosha, na ndio wengi wanausahau.

Injini yenye leseni ya GPL, kama ile ya gemu ya Doom, inabana zaidi. Kuuza ruksa, ila anayepokea programu ana haki ya kupata msimbo wake, pamoja na marekebisho uliyofanya. Picha, muziki na ramani zako zinaweza kubaki mali yako, basi zitenge kwenye folda yake yenye leseni yake. Ukichanganya kila kitu, mnunuzi hajui kipi anaruhusiwa kunakili.

Injini ya Unreal kwa kawaida hutoza mrabaha wa 5% ya mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa kila gemu. Hesabu ni ya mapato ghafi, kabla duka halijakata fungu lake: ukiingiza dola 1,200,000, mrabaha ni 10,000, hata kama duka limeshachukua 30%. Panga bei ukijua hilo.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, hutoka kwa wenzako. Katika nchi nyingi, mchoraji wa kujitegemea aliyechora bila mkataba bado anamiliki michoro yake, hata kama umemlipa. Andikianeni mapema: nani anakabidhi haki zipi, kwa asilimia ngapi, na akijitoa katikati itakuwaje.