Kukadiria uchovu wa ekseli ya tela: kutoka geji hadi kilomita

Ekseli ya tela hukatika baada ya mamilioni ya mitikisiko ambayo kila mmoja, ukiutazama peke yake, ni mdogo kuliko nguvu ya chuma; huo ndio uchovu wa chuma. Ufa huanzia mara nyingi kwenye kona iliyokerezwa (pale kipenyo cha ekseli kinapobadilika) karibu na bamba la breki. Pale ekseli inapindwa na mzigo, inapindwa tena kwenda nyuma gurudumu linapofungwa, na inasokotwa na breki, na mambo hayo matatu hayaji kwa pamoja. Ndiyo maana hesabu ya mzigo mmoja uliotulia haitoshi.

Mfano wetu ni ekseli ya mviringo isiyo na tundu, kipenyo mm 80. Chuma chake hukatika kwa mkazo (nguvu kwa kila eneo) wa MPa 700, yaani megapaskali, na huanza kubaki kimepinda kwa MPa 430.

Hatua ya 1: Pima barabarani

Bandika geji za mnyumbuko (vipimo vidogo vinavyoonyesha chuma kinavyonyooka na kubanwa) upande wa juu na upande wa mbele wa ekseli, na geji ya pande tatu (digrii 0, 45 na 90) kwa ajili ya msokoto. Zibandike kwenye sehemu laini kando ya kona. Ndani ya kona mkazo hubadilika ndani ya milimita chache, na geji itakupa wastani usiosema kitu. Ekseli huruka kwa takriban mitikisiko 10 hadi 15 kwa sekunde, kwa hiyo rekodi angalau mara 300 kwa sekunde, ukitanguliza kichujio cha mawimbi ya kasi zaidi.

Safari iwe na lami, vumbi, matuta na mashimo kwa uwiano halisi wa kazi ya gari, likiwa limebeba mzigo uliopimwa kwenye mzani. Joto la breki husogeza sifuri ya geji polepole. Usipouondoa msogeo huo, hesabu itaonyesha mizunguko mikubwa ambayo haikutokea.

Hatua ya 2: Hesabu mizunguko

Badilisha rekodi iwe orodha ya vilele na mabonde tu, kisha tumia njia ya mtiririko wa mvua (ya kutenga mizunguko kamili ya mkazo ndani ya rekodi) iliyotolewa na Matsuishi na Endo mwaka 1968. Chukua nukta nne zinazofuatana. Kama tofauti ya zile mbili za katikati haizidi tofauti za pande zote mbili, huo ni mzunguko kamili: andika amplitudo yake (nusu ya tofauti) na wastani wake, ziondoe nukta hizo mbili, endelea. Masalio yanayobaki mwishoni yaunganishe na nakala yake yenyewe, uhesabu tena. Usiyatupe, maana mzunguko mkubwa kuliko yote hujificha humo.

Kila mzunguko ubaki na wastani wake. Gurudumu likiinuka barabarani mkazo hukaribia sifuri, likitua hufika hata mara tatu ya mzigo uliotulia. Mizunguko mikubwa kwa hiyo ina wastani mkubwa pia, na anayeweka wastani mmoja kwa yote hujidanganya pale penye madhara zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta kikomo cha uchovu cha ekseli yenyewe

Kikomo cha uchovu ni mkazo ambao chuma huuvumilia kwa mizunguko mingi sana bila kukatika. Kwa chuma cha daraja hili, sampuli iliyosuguliwa hadi kung'aa huvumilia karibu nusu ya nguvu ya kukatika, yaani MPa 350. Punguza kwa hali halisi: uso uliokerezwa 0.79, ukubwa wa kipande 0.86, uhakika wa asilimia 99, 0.814. Inabaki MPa 194. Kutu inayotoboa uso huvuruga hesabu hii kabisa, kwani chuma kilichotobolewa na kutu hakina kikomo cha kutegemea.

Kona nayo huzidisha mkazo. Kwa umbo lenye kizidishi 1.8 na chuma chenye wepesi wa 0.85 kuathiriwa na kona, zidisha mikazo ya geji kwa 1 + 0.85 × 0.8 = 1.68.

Hatua ya 4: Rekebisha wastani, kisha jumlisha madhara

Kanuni ya Goodman hugeuza kila mzunguko uwe sawa na ule wenye wastani wa sifuri: gawanya amplitudo kwa (1 − wastani/700). Tuseme kila km 100 zimetoa makundi haya, kona ikiwa imeshahesabiwa:

- amplitudo 60, wastani 135, mizunguko 40,000: inakuwa MPa 74
- amplitudo 120, wastani 135, mizunguko 3,000: MPa 149
- amplitudo 160, wastani 160, mizunguko 60: MPa 207
- amplitudo 200, wastani 200, mizunguko 4: MPa 280

Mstari wa uchovu, unaoonyesha idadi ya mizunguko (N) hadi kukatika kwa kila mkazo, unaanzia MPa 595 kwa mizunguko 1,000 hadi MPa 194 kwa mizunguko 1,000,000. Kipeo chake ni 6.16: N = 1,000,000 × (194/mkazo)^6.16. Chini ya kikomo mstari hauishi bali hulala zaidi: tumia kipeo cha Haibach, 2 × 6.16 − 1 = 11.3. Gawanya idadi ya mizunguko kwa N ya kila kundi, ujumlishe, kama walivyofundisha Palmgren (1924) na Miner (1945).

Jumla ni karibu 0.000277 kwa kila km 100, yaani jumla inafika 1, ambapo ekseli hutarajiwa kukatika, kwenye km 360,000. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yanatoka kundi la pili, ambalo liko chini ya kikomo cha uchovu! Ukiliacha utapata zaidi ya km 770,000, na hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Mizunguko mikubwa michache ikishafungua ufa, ile midogo inausukuma.

Jumla ya 1 ni wastani wa majaribio yaliyotawanyika sana. Kwa kipande ambacho kikikatika watu wanaumia, simamia 0.3: km 108,000.

Hatua ya 5: Ongeza msokoto wa breki

Breki ikishikwa juu ya shimo, ikaleta mkazo wa mkato (unaotokana na msokoto) wa MPa 0 hadi 90, yaani amplitudo 45, kundi la nne hupanda. Amplitudo inakuwa √(200² + 3 × 45²) = MPa 215, wastani vivyo hivyo, na baada ya Goodman ni MPa 310. Maisha ya kundi hilo hushuka kutoka mizunguko 104,000 hadi 56,000.

Njia hiyo inafaa pale tu mpindo na msokoto vinapopanda na kushuka pamoja. Vikipishana, mwelekeo wa mkazo mkuu huzunguka, na fomula moja inaweza kuficha madhara. Hapo tumia njia ya Findley: geuza bapa la kufikirika kila digrii 10, na kwa kila bapa jumlisha amplitudo ya mkato na 0.3 ya mkazo mkubwa kabisa unaolivuta bapa. Bapa lenye jumla kubwa ndilo ufa utakapoanzia.

Hatua ya 6: Jaribu makosa yako

Ongeza mikazo yote kwa asilimia 10, urudie hesabu. Kwa kipeo cha 6.16 maisha hugawanywa kwa 1.8 hivi, na chini ya kikomo hali ni mbaya zaidi. Mzigo uliozidi kwa asilimia 20 huyagawanya kwa zaidi ya 3. Kwa hiyo panga ukaguzi wa kona kwa rangi ya kupenya kwenye nyufa mapema kuliko km 108,000, na kila mara safisha kutu na grisi kwanza, kwa kuwa ufa uliojaa grisi haunywi rangi.