Chambua kwanza, ndipo urushe

Ukinunua karanga pale Mbuyuni, Moshi, huzimwagi moja kwa moja kikaangoni. Unazipitisha kwenye ungo: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, unatupa, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haimaliziki kwa kukaanga. Lakini karanga unaendelea kula! Intaneti nayo ni ya kuchambua hivyo hivyo. Juzi kwenye kundi la familia ikarushwa picha ya mafuriko, eti "Arusha leo asubuhi", shangazi keshaanza kulia. Nikaiweka Google Lens, ile ya kutafuta picha ilikowahi kutokea mtandaoni: ya miaka mingi, tena si ya Tanzania. Basi picha ikikushtua, itafute hivyo kabla hujairusha, ni nusu dakika tu. Zile za "tuma kwa watu kumi" mimi hata ungo sizipitishii, nafuta.