Namna ya Kupata Nukta Ambapo Uga wa Umeme wa Chaji Mbili ni Sifuri

Uga wa umeme wa chaji mbili zilizotulia huwa sifuri pale tu ambapo uga wa chaji moja unalingana kwa ukubwa na uga wa nyingine huku ukielekea upande wa pili. Wanafunzi wengi hukimbilia mlinganyo wa ukubwa na kusahau mwelekeo, ilhali mwelekeo ndio unaoamua nukta itafutwe wapi.

Chora mstari unaopita katika chaji zote mbili. Nje ya mstari huo nyuga mbili haziwezi kupingana moja kwa moja, kwa hiyo usipoteze muda huko. Kisha weka mishale ukikumbuka kwamba uga hutoka kwenye chaji chanya na kuelekea kwenye chaji hasi. Utaona kwamba chaji za alama moja hupingana katikati yao, na za alama tofauti hupingana juu ya mstari uleule lakini nje ya nafasi iliyo kati yao, ambako nukta hukaa upande wa chaji ndogo, kwa kuwa udogo wake hauna budi kufidiwa na ukaribu.

Sasa hesabu. Tuseme chaji za +4 µC na +9 µC (µC ni maikrokoulombi, yaani 10⁻⁶ ya koulombi, kizio cha chaji) zimeachana kwa sentimita 50, na nukta iko umbali x kutoka kwenye ile ndogo. Ukubwa wa uga ni kq/r², ambapo k ni namba isiyobadilika (takriban 9×10⁹ N·m²/C²), q ni ukubwa wa chaji na r ni umbali kutoka kwenye chaji hiyo, hivyo 4/x² = 9/(50 − x)². Ukitafuta kipeuo cha pili cha kila upande unapata 2/x = 3/(50 − x), yaani x = sentimita 20. Anayefungua mabano badala yake atapata pia x = −100; huko ukubwa unalingana kweli, lakini nyuga zinaelekea upande mmoja na kujumlishana, kwa hiyo jibu hilo hukataliwa.

Chaji ndogo ikiwa −4 µC, mahali palepale palipokataliwa ndipo panapokuwa jibu: 2/x = 3/(50 + x) inatoa sentimita 100 nje ya chaji hasi. Hakiki: 9×10⁹ × 4×10⁻⁶ / 1² ni 36,000 N/C, na 9×10⁹ × 9×10⁻⁶ / 1.5² ni 36,000 N/C vilevile.

Chaji zenye ukubwa sawa na alama tofauti hazina nukta kama hiyo popote; uga wao hufifia tu kuelekea sifuri kadiri umbali unavyokua bila kikomo.